Moduli ya kubebeka ya myeyungano wa nyuklia: tuibuni kwa hesabu, ngao na joto vikiwemo

Mwanaombwe:
Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wanaobuni magari na mitambo ya zama zijazo, iwe kwa hadithi, michezo ya kompyuta au vibonzo. Kifaa kinachojirudia kila mahali ni moduli ya myeyungano wa nyuklia (viini vyepesi vikiungana na kutoa nishati): sanduku unalolichomeka kwenye lori, tingatinga au kituo cha mwezini, likatoa umeme miaka nenda rudi. Karibu kila anayelibuni anahesabu mafuta tu, halafu anaacha ngao na joto. Nataka tulibuni kwa hesabu kamili, ili atakayelitumia ajue lina uzito gani, linawashwaje na linaharibika vipi.

Sharti ni moja: kisichowezekana leo kiwe kitu kimoja tu, mengine yote yafuate fizikia ilivyo. Na leo hali ni hii. ITER, mtambo wa majaribio unaojengwa Cadarache, Ufaransa, una plazma (gesi ya moto mkali ambayo elektroni zimebanduka) ya mita za ujazo 840 ili ilenge megawati 500 za myeyungano kwa kuingiza megawati 50 za kupasha plazma. JET ya Uingereza mwaka 2023 ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 za mafuta. NIF ya Marekani tarehe 5 Desemba 2022 ilitoa megajuli 3.15 kutoka leza ya megajuli 2.05, ila kuziwasha leza zenyewe kulivuta umeme wa takriban megajuli 300. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa mgongoni mwa lori.

Kwa hiyo ruhusa yetu ya kubuni ni hii: tunaweza kuishika plazma ya hidrojeni na boroni-11 ndani ya silinda yenye kipenyo cha mita 0.8 na urefu wa mita 2, na nishati ya myeyungano ikawa mara 4 ya ile tunayoingiza kuipasha. Ruhusa zimeishia hapo.

Mgawanyo wa nguvu ninaoupendekeza: myeyungano kilowati 1,000, upashaji kilowati 250. Jumla inayotoka kwenye plazma ni 1,250. Kati ya hizo, 600 zinatoka kama eksirei na kugonga ukuta, 650 zinatoka kama chembe zenye chaji. Chembe zinapitia kigeuzi cha moja kwa moja chenye ufanisi wa asilimia 75 na kutoa umeme wa kilowati 487. Joto la ukuta linazungusha turbini ya asilimia 35 na kutoa 210. Umeme ghafi ni 697. Upashaji wenyewe, kwa vifaa vya ufanisi wa asilimia 80, unakula 312. Mashine za baridi kali na pampu zinakula 45. Kinachobaki kwa gari ni kilowati 340.

Maana yake kilowati 660 ni joto la kutupa. Kila kilowati 1 inayofika kwenye mota, karibu 2 zinatafuta pa kutokea.

Nyota ya Chuma:
Mkuu, kwa nini boroni? Deuteri na triti, aina mbili nzito za hidrojeni, ndiyo rahisi kuwaka, karibu nyuzi milioni 150 tu. Boroni inataka zaidi ya bilioni moja na nusu. Kama unajipa ruhusa ya kubuni, si bora uitumie kwenye mafuta yaliyokwisha kuonekana yakifanya kazi?

Kiini Chepesi:
Nyota ya Chuma, jibu lipo kwenye nyutroni. Deuteri na triti zikiungana zinatoa MeV 17.6 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), na 14.1 kati yake zinaondoka na nyutroni moja. Megawati 1 ya myeyungano huo ni nyutroni 3.5 × 10^17 kila sekunde. Ukisimama mita 1 bila ngao unapokea dozi ya mionzi ya takriban siverti 1,400 kwa sekunde. Dozi inayoua karibu nusu ya wanaoipata bila matibabu ni siverti 4 hadi 5, kwa hiyo unaipata ndani ya milisekunde 3 hivi. Kwenye polithini au maji, nyutroni za MeV 14 hupungua mara kumi kwa kila sentimita 35 hivi. Ukitaka dereva abaki na mikrosiverti 10 kwa saa, unahitaji ngao ya mita tatu na nusu kila upande. Hilo si gari tena.

Triti nayo ina shughuli yake. Nusumaisha yake (muda wa nusu yake kuoza) ni miaka 12.3, haichimbwi, na lazima uizalishe mwenyewe kwa blanketi la lithi kuzunguka plazma. Megawati 1 kwa mwaka mzima inakula gramu 56 za triti, na gramu 1 ina mionzi ya zaidi ya terabekereli 350. Hutaki gari linalogongana njiani liwe na kitu hicho.

Deuteri na heli-3 ni afadhali: protoni ya MeV 14.7 na heli-4, zote zina chaji. Lakini deuteri inaungana pia na deuteri mwenzake na kutoa nyutroni za MeV 2.45, na nusu ya miungano hiyo inazaa triti, ambayo nayo ikiungua inakurudishia zile za 14.1. Juu ya hayo, heli-3 duniani ni haba mno.

Hidrojeni na boroni-11 inatoa chembe tatu za alfa (viini vya heli) na MeV 8.7. Muungano huu ulipimwa kwa mara ya kwanza ndani ya plazma iliyoshikwa na sumaku kwenye mtambo wa LHD, Toki, Japani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Mafuta ni ya kawaida kabisa: megawati 1 kwa siku nzima inaunguza gramu 0.1 ya hidrojeni na gramu 1.13 za boroni-11. Mwaka mzima haufiki hata nusu kilo.

Ugumu wake ni zile eksirei kilowati 600 alizoziweka Mwanaombwe. Boroni ina chaji 5, na mng'ao wa elektroni zinapopindishwa na kiini hupanda kwa mraba wa chaji, yaani kiini kimoja cha boroni kinafanya kama protoni 25. Todd Rider wa MIT alikokotoa mwaka 1995 kwamba plazma iliyotulia ya mafuta haya hupoteza kwa mng'ao zaidi ya inachozalisha. Ruhusa ya kubuni ya uzi huu imekwenda hapo hapo, na naona imewekwa mahali sahihi.

Msomaji Kimya:
Basi kwa kuwa boroni haina nyutroni, ngao tunaiacha, moduli inakuwa tani 5 au 6. Si ndiyo?

Kiini Chepesi:
Hapana ndugu yangu, na hapa ndipo wabunifu wengi wanapoanguka. Alfa zikigonga boroni-11 kabla hazijatoka, baadhi huzaa naitrojeni-14 na nyutroni. Protoni zenye kasi zaidi hubadilisha boroni-11 kuwa kaboni-11 na nyutroni. Tuchukue kwamba nyutroni zinabeba sehemu 1 tu katika 1,000 ya nishati: hiyo ni kilowati 1. Kwa wastani wa MeV 2 kila moja, unapata nyutroni 3 × 10^15 kwa sekunde. Mita 1 bila ngao ni takriban siverti 10 kwa sekunde. Nusu sekunde inatosha kuua.

Afueni ni kwamba hizi ni laini kuliko zile za 14.1. Polithini inazipunguza mara kumi kwa kila sentimita 15 hivi. Dereva akikaa mita 4 kutoka katikati ya moduli, sentimita 125 zinamfikisha kwenye mikrosiverti 10 kwa saa. Sasa zungushia sentimita 125 hizo silinda ya nje yenye nusu kipenyo cha mita 0.6 na urefu wa mita 2.4, ncha zikiwa za mviringo: ni karibu mita za ujazo 49, tani 46 za plastiki.

Ukibuni mchanganyiko wenye boroni kidogo ili nyutroni zipungue mara kumi, unaokoa tabaka moja la sentimita 15, na ngao inashuka hadi tani 37. Ni nafuu, lakini bado ni uzito wa lori lililojaa.

Mwanaombwe:
Nakubali. Naweka orodha ya uzito wazi basi: ukuta wa ndani tani 1, sumaku na fremu tani 3, kigeuzi tani 1.5, turbini na upozaji tani 2.5, betri na inveta tani 1. Jumla 9. Na ngao 46. Moduli tani 55 kwa kilowati 340.

Ukuta huo wa tani 1 watu wataona ni mwingi. Ni tungsteni ya sentimita 1 kwenye mita za mraba 5. Eksirei za kiwango hiki ni kali. Milimita chache zinazipunguza tu, na zinazopenya zinaipasha sumaku, ambayo kila wati inayoingia humo unailipia mara mia.

Bimkubwa Joto:
Wakuu, kabla hamjaendelea, linganisheni na dizeli, maana ndiyo itakayoamua moduli inafaa wapi. Injini ya dizeli ya kilowati 340 pamoja na jenereta yake ni tani 4 hivi. Kwa ufanisi wa asilimia 40 inaunguza kilo 71 kwa saa, yaani tani 1.7 kwa siku. Tofauti ya uzito ni tani 51. Gawanya: siku 30. Chombo kinachofika pa kujaza mafuta kabla ya mwezi kuisha kitakuwa chepesi zaidi na dizeli. Kinachokaa zaidi ya mwezi bila kujaza, moduli inashinda, na kila siku inayoongezeka inaipa ushindi mkubwa zaidi. Mahali pasipo na hewa dizeli inabeba na oksijeni yake, mara tatu na zaidi ya uzito wa mafuta, na siku hizo 30 zinashuka hadi 7 hivi.

Kwa hiyo msiiweke kwenye pikipiki wala kwenye vazi la mitambo la askari. Iwekeni kwenye meli, kichwa cha treni, lori la mgodini linalobeba zaidi ya tani 300, mashine ya kuchimba barafu, kituo cha mbali. Vifaa vidogo vipewe betri, na moduli iwe mama wa kuzichaji.

Sasa joto. Mahali penye hewa, kutupa kilowati 660 huku hewa ikipanda nyuzi 40 kunataka kilo 16 za hewa kila sekunde, takriban mita za ujazo 14. Hizo ni feni kubwa na zina kelele. Msanii anayechora gari hili bila matundu makubwa ya hewa anakosea. Mahali pasipo na hewa unabaki na mng'ao pekee, na hapo halijoto ya rejeta ndiyo kila kitu. Kwa bapa lenye nyuso mbili na uwezo wa kung'aa wa 0.9: kelvini 400 inataka mita za mraba 253, kelvini 600 inataka 50, kelvini 800 inataka 16. Vuta pumzi kabla ya kuchagua 800, kwa sababu turbini inapata kazi kutokana na tofauti kati ya ukuta na rejeta. Ukuta wetu hauruhusiwi kupita kelvini 1,000 (Fundi Sumaku ataeleza), kwa hiyo rejeta ya 800 inaiua turbini. Na bila turbini, umeme unaobaki kwa gari unashuka kutoka 340 hadi 130. Mimi ningeweka 600 na kukubali ufanisi pungufu kuliko huo wa asilimia 35. Kwenye chombo cha ardhini wekeni sakiti mbili: ya moto kwa ukuta na turbini, ya baridi kwa inveta, pampu na kigeuzi. Ukizichanganya, kile kinachotaka nyuzi 60 kinalazimisha rejeta nzima iwe ya nyuzi 60.

Nyota ya Chuma:
Na ngao ya kivuli? Kinga upande wa kebini tu, pengine pote wazi.

Kiini Chepesi:
Kwenye ombwe inafanya kazi, na imeshatumika. SNAP-10A, tanuri dogo la mpasuko wa nyuklia (kupasua viini vizito) lililorushwa angani Aprili 1965, lilikuwa na ngao ya kivuli ya lithi hidridi. Kwa moduli yetu, kizibo chenye nusu kipenyo cha mita 1.5 na unene wa mita 1.25 ni tani 8 hivi badala ya 46. Ukiongeza umbali unaokoa zaidi: kutoka mita 4 hadi mita 40 dozi inashuka mara 100, sawa na tabaka mbili za sentimita 15.

Mahali penye angahewa usiitumie. Nyutroni zinazotoka pande zilizo wazi zinagonga hewa na ardhi na kurudi kwa dereva kwa mlango wa nyuma, achilia mbali aliyesimama kando ya barabara. Mwezini nako, udongo unarudisha sehemu yake, kwa hiyo moduli ikae kwenye tela refu na kizibo kishuke hadi karibu na ardhi.

Jambo la plastiki: iwe polithini yenye asilimia 5 ya boroni. Nyutroni iliyopoa ikimezwa na hidrojeni inatoa mwali wa gama wa MeV 2.2. Ikimezwa na boroni-10 inatoa wa MeV 0.48 tu. Bila boroni utalazimika kuvika risasi nje, na kila sentimita 1 ya risasi kwenye uso huo ni tani 8. Boroni ya asili ina karibu asilimia 20 ya boroni-10. Ukishaitenganisha kupata mafuta, mabaki yanaweza kuongezwa kwenye ngao. Ni mpango mzuri, hakuna kinachotupwa.

Fundi Sumaku:
Nimesoma mpaka hapa, naona mmefika kwenye kuwasha. Naweka utaratibu mzima, kwa sababu hadithi nyingi zinawasha kwa kitufe kimoja.

Moduli mpya, au iliyofunguliwa, inaanza na ombwe. Pampu ya awali inashusha hadi paskali 1, kisha pampu za turbo hadi 10^-5. Ukuta unaokwa kwa nyuzi 200 kwa saa 48 ili maji yatoke. Tazama kipima gesi baki (namba zake ni uzito wa molekuli): kilele cha 18 ni maji na kitapungua chenyewe kwa kuoka, vilele vya 28 na 32 vikisimama kwa uwiano wa karibu 4 kwa 1, pamoja na argoni kwenye 40, hiyo ni hewa inaingia na kuoka hakutakusaidia. Katafute tundu. Kawaida tundu hutafutwa kwa kupuliza heli nje, lakini mtambo huu unazalisha heli na kuta zake zimeinywa, kwa hiyo kipimo kitapiga kelele bila sababu. Heli itumike kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Baada ya hapo pulizia argoni.

Hatua ya pili ni baridi. Sumaku za utepe wa ukinzani sifuri zinafanya kazi kwa kelvini 20. Tani 2 za sehemu ya baridi kuzitoa kelvini 300 ni kuondoa megajuli 160 hivi. Kwa mashine inayoondoa wastani wa kilowati 1, ni siku mbili. Hakuna njia ya mkato: ukipoza upande mmoja haraka, chuma kinasinyaa bila usawa na utepe unapasuka. Kwa hiyo moduli haizimwi ubaridi kila jioni. Ikiegeshwa inaendelea kula kilowati 6 za kutunza baridi, yaani kilowati-saa 144 kwa siku. Chombo kikiegeshwa kinachomekwa umeme wa nje, au moduli yenyewe iendelee kuwaka kidogo.

Hatua ya tatu, kujaza sumaku. Uga wa tesla 10 una megajuli 40 kwa kila mita ya ujazo, na silinda yetu ni karibu mita moja ya ujazo. Kwa kilowati 10 ni saa moja na dakika saba. Fremu inabeba msukumo wa megapaskali 40, yaani kama mara 400 ya angahewa, ndiyo maana tani zake 3 hazipunguki.

Hatua ya nne, pasha sakiti ya turbini hadi izunguke kwa umeme wa betri kabla ya plazma, ili ukuta usipate moto bila mtiririko.

Hatua ya tano, hidrojeni peke yake kwanza. Washa upashaji, kilowati 312 kutoka kwenye betri kwa sekunde 90, karibu kilowati-saa 8. Unga wa boroni unaingia mwishoni, kidogo kidogo, plazma ikishafika kwenye halijoto yake. Ukiingiza boroni mapema, mng'ao wake unaipoza plazma kabla haijashika, na betri yako imekwenda bure. Betri ya kilowati-saa 40 inakupa majaribio machache tu, kwa hiyo mtiririko wa boroni uhakikishwe kabla ya sekunde hizo 90 kuanza.

Msomaji Kimya:
Asante sana Fundi. Na inaharibika vipi? Mimi naandika fundi wa chombo cha mbali, nataka aone dalili kabla ya kifaa kuzima.

Fundi Sumaku:
Nianze na mlisho wa boroni, maana hapo ndipo kazi nyingi. Unga ukinyonya unyevu unashikana na kutoka kwa mabonge. Dalili: usomaji wa eksirei unaruka juu kila baada ya muda, umeme wa kigeuzi unashuka kwa wakati uleule, na plazma inazimika bonge likiwa kubwa. Dawa ni kuhifadhi unga ndani ya argoni kavu na kuukausha kwa nyuzi 120 chini ya ombwe kabla ya kuujaza. Wapo wanaopendekeza dekaborani (kampaundi ya boroni na hidrojeni) kwa sababu inayeyuka kwa nyuzi 100 na kulishwa kama mvuke. Mimi naipinga kabisa kwenye chombo chenye watu. Ni sumu kali kwa mfumo wa neva.

Kosa la pili ni kununua boroni ya asili. Ile boroni-10 ikiungana na protoni inatoa berili-7, yenye nusumaisha ya siku 53 na mwali wa gama wa MeV 0.48. Inajipaka ukutani, na mtambo uliokuwa unafunguliwa baada ya siku moja sasa unasubiri miezi. Fundi wako akipima gama ndani ya mtambo uliozimwa wiki nzima na kukuta 0.48 haishuki, ajue mafuta yalichakachuliwa.

Majivu ya heli: lita 7 kwa siku kwa megawati 1, kwa mgandamizo wa kawaida. Ni kidogo, lakini yakibaki yanachukua nafasi ya mafuta na nguvu inashuka polepole siku hadi siku huku kila kitu kikionekana sawa. Paneli za baridi za kelvini 20 hazikamati heli, inapita tu. Lazima pampu za turbo. Na hizo pampu zinazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, kwa hiyo gari likiruka shimo au kukata kona ghafla, rota inapinga kugeuzwa na kugusa kasha. Zifungwe kwenye mpira wa kunyonya mtikisiko, mhimili wake ukiwa wima, maana gari linageuka zaidi kulia na kushoto kuliko kupinduka.

Ukuta wa tungsteni: kati ya kelvini 1,000 na 2,000, heli inayopenya uso wake inaotesha nyuzi laini sana, na uso unakuwa kama sufi nyeusi. Nyuzi hizo zinakatika, vumbi linaingia kwenye plazma, na tungsteni ina chaji kubwa mara nyingi kuliko boroni, kwa hiyo mng'ao unapanda. Ndiyo sababu ya kikomo cha kelvini 1,000. Dalili ya mapema ni kamera ya joto kuonyesha doa lenye mng'ao tofauti na jirani zake.

Kigeuzi: alfa ambayo haijapunguzwa mwendo ina wastani wa MeV 2.9 na chaji 2, kwa hiyo kuisimamisha kwa gridi za volti tupu kunataka volti milioni 1.45. Ndani ya gari hilo haliingii. Kigeuzi chetu ni kichapuzi cha chembe kinachoendeshwa kinyume, chembe zikisukuma mawimbi ya redio na kupoteza mwendo hatua kwa hatua. Adui yake ni vumbi la boroni linalojipaka kwenye nyuso za ndani. Likiwa baridi ni kihami, linajikusanyia chaji na kurusha cheche. Ufanisi ukishuka kutoka 75 hadi 65, umepoteza kilowati 65 kwenye kebo na zote zimeongezeka kwenye rejeta.

Bimkubwa Joto:
Hiyo ya mwisho isisitizwe. Rejeta ikionekana kuelemewa, watu hukimbilia kuosha rejeta na kubadilisha kipozi. Linganisheni kwanza umeme wa kigeuzi na usomaji wa eksirei. Eksirei ziko palepale na umeme umeshuka, basi ugonjwa uko kwenye kigeuzi, rejeta haina kosa.

Mwanaombwe:
Fundi, ongezea sumaku yenyewe kupoteza hali ya ukinzani sifuri. Hilo ndilo litakaloandikwa kwenye kila tukio la ajali.

Fundi Sumaku:
Sawa mkuu. Tepe hizi zikianza kupata joto mahali pamoja, joto halisambai haraka, linatambaa polepole mno. Megajuli 40 zinataka kutokea kwenye nukta moja ya utepe, na utepe unaungua. Kipima volti cha kawaida kinachelewa kuliona. Wekeni nyuzi za kioo za kupimia halijoto kandokando ya utepe wote, na swichi ya kumwaga mkondo kwenye kizuizi cha nje ndani ya sekunde chache. Kizuizi cha chuma cha kilo 200 kikimeza megajuli 40 kinapanda takriban nyuzi 400, kwa hiyo kikae mbali na polithini ya ngao, ambayo inalainika kabla ya nyuzi 130.

Kwenye ajali ya kugongana, plazma yenyewe si tishio. Uzito wake ni sehemu ndogo sana ya gramu, na hewa ikiingia inazimika papo hapo. Hakuna mnyororo wa kuendelea kama kwenye mpasuko. Vitu vya kuogopa ni sumaku iliyojaa, kapasita za upashaji, na heli ya kupozea ikivujia kwenye kebini iliyofungwa, maana inasukuma hewa nje na mtu anazimia bila kuhisi chochote. Kipima oksijeni kiwe usawa wa kichwa na juu yake, kwa sababu heli inapanda.

Udhaifu wa gari dhidi ya mtambo wa kusimama ni mihimili inayoishika sehemu ya baridi. Kwa ajili ya baridi unaitaka myembamba na mirefu, ya nyuzi za kioo. Kwa ajili ya mashimo ya barabara unaitaka minene. Suluhisho langu ni kufuli za chuma zinazobana sehemu ya baridi gari likienda kwenye njia mbaya, na kuachia likisimama. Zikibana, mashine za baridi zinapandisha matumizi, na dereva aone hilo kwenye kioo chake.

Nyota ya Chuma:
Nimeshawishika na boroni. Swali langu la kufungua: baada ya kuzima tusubiri muda gani?

Kiini Chepesi:
Angalau saa 24, ikiwa vifaa vimechaguliwa vizuri. Kaboni-11 ina nusumaisha ya dakika 20, kwa hiyo inaisha yenyewe. Kwenye chuma cha pua kinachotawala mwanzoni ni manganizi-56, nusumaisha saa 2.6, siku moja inaipunguza zaidi ya mara 600. Lakini kipande kimoja chenye kobalti, na viti vya vali ngumu huwa nayo, kinazalisha kobalti-60 ya miaka 5.3. Kataza aloi za kobalti ndani ya ngao yote, hadi bolti.

Na ukifunga, gasketi ya shaba ni ya mara moja. Iliyokwisha kubanwa itupwe hata ikionekana nzima. Bolti zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande, raundi tatu au nne, si kwa kuzunguka. Mkwaruzo mmoja unaovuka ukingo wa flanji ni ombwe lililopotea.

Bimkubwa Joto:
Jambo moja la kiwango ambalo naona halijasemwa. Mkitaka megawati 10 za myeyungano badala ya 1, kwenye silinda ileile, nyutroni zinaongezeka mara kumi na ngao inanenepa sentimita 15 tu. Kutoka tani 46 inakuwa 57. Ukuta unapokea megawati 1.2 kwa mita ya mraba badala ya kilowati 120, bado inapozeka kwa mabomba ya karibu karibu. Yaani kilowati 3,400 badala ya 340, na kwenye ngao umelipia tani 11. Rejeta, turbini na kigeuzi ndivyo vitakua kweli. Anayebuni kundi la magari madogo kumi yenye moduli kumi afikirie chombo kimoja kikubwa kinachochaji madogo tisa.

Msomaji Kimya:
Lori langu la mgodini linapanda mlima, linataka kilowati 900 kwa sekunde 20, halafu linasimama ghafla na halitaki kitu. Plazma inafuata?

Mwanaombwe:
Usiilazimishe ifuate. Kwenye kupanda, pengo ni kilowati 560 kwa sekunde 20, karibu kilowati-saa 3. Nishati hiyo ni ndogo kwa betri ya 40, lakini kuitoa kwa kasi hiyo kunaipasha, kwa hiyo weka kapasita kubwa zibebe sekunde za mwanzo na betri za nguvu zifuate. Gari likisimama, kilowati 340 hazina pa kwenda mpaka mlisho wa boroni upungue na plazma ishuke. Zipeleke kwanza kwenye betri, ikijaa zipeleke kwenye kizuizi cha kupasha kilicho na feni yake. Rejeta kuu usiipe mzigo huo wa ziada, imeshajaa 660 zake. Na breki za umeme zikirudisha nguvu wakati uleule wa kushuka mlima, kizuizi kihesabiwe kwa jumla ya vyote viwili, 340 pamoja na breki, vinginevyo kitaungua kwenye mteremko wa kwanza.